Ukungu wa San Andreas na Mabanda ya Nyamirambo

Mwezi Novemba 2024 ukungu ulirudi San Andreas. Kampuni ya Rockstar ilitoa nyongeza ya bure kwa walionunua toleo lililokarabatiwa la gemu lake la mwaka 2004, na ndani yake mlikuwa na chaguo la kurudisha mwanga wa zamani: lile anga la rangi ya machungwa, na ule moshi wa mbali uliokuwa ukimeza majengo ya mitaa michache tu mbele yako. Toleo hilo lilipotoka mara ya kwanza kwa mashine mpya, tarehe 11 Novemba 2021, mafundi walikuwa wameufuta ukungu wote wakidhani wanatufanyia hisani. Ilichukua miaka mitatu, na kampuni nyingine ya ufundi, kuurudisha mahali pake.

Kwa asiyelijua gemu lenyewe, San Andreas ni mojawapo ya magemu ya Grand Theft Auto, na ni hadithi ya kijana aitwaye CJ anayerudi kwao mwaka 1992 kumzika mama yake. Anakuta ndugu wamegombana na mtaa umeharibiwa na madawa ya kulevya. Lilitengenezwa Edinburgh, Uskoti, likatoka kwanza kwenye PlayStation 2 mwezi Oktoba 2004. Mashine ile ilikuwa na kumbukumbu ya kazi ya megabaiti 32 tu, na watu wale wakataka kuingiza humo miji mitatu, jangwa, mashamba na mlima. Kwa mara moja visingeingia. Kwa hiyo gemu lilisoma nchi kipande kwa kipande kutoka kwenye sidi kadiri CJ alivyosogea, na ukungu ulifunika pale ambapo nchi ilikuwa bado haijafika. Ukiuondoa, ukipanda kilele cha Mlima Chiliad unayaona maghorofa ya Los Santos kama mtu aliyesimama Rebero anavyoliona jiji la Kigali. Nchi tuliyoiamini haina mwisho ikajulikana kuwa ni ya kuvuka kwa dakika chache.

Mimi ni fundi wa simu na runinga hapa Nyamirambo, Kigali, na katika ujana wangu nililinda banda la gemu la mjomba wangu, nikikusanya faranga na kuangalia saa. Mengi yameshaandikwa Ulaya na Marekani kuhusu makosa ya ukarabati ule: sura, mvua, nyimbo zilizokosekana. Mimi nina neno jingine. Waliolikarabati walilichukua gemu kama picha zinazohitaji kusafishwa, na hawakujua kwamba kwetu lilikuwa biashara, yenye bei, sheria na mafundi wake. Biashara hiyo haijakarabatiwa na mtu, wala haijaandikwa.

Nianze na mahali. Richard Kandt, yule Mjerumani, alipoweka makao yake Kigali mwaka 1907, nyuma yake walikuja askari, wapagazi na wachuuzi waliotoka pwani, Tabora na Ujiji. Msikiti wa Al-Fatah ulijengwa mwaka 1913. Wabelgiji walipochukua nchi waliwatenga watu hao katika eneo lao, likaitwa Kambi ya Waswahili, na ndiyo Biryogo ya leo, upande wa juu wa Nyamirambo. Babu mzaa mama alikuwa mmoja wa waliotokea Ujiji. Mtaa wa namna hiyo ulizoea kupokea vitu kutoka mbali kabla ya mitaa mingine: kitambaa, baiskeli, redio, kisha video.

Baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, mji ulijaa upya. Watu walirudi kutoka Kampala, Bujumbura, Goma, Bukoba, kila mmoja na mizigo yake na lugha yake. Walioishi Uganda walizungumza Kiingereza, waliotoka Kongo na Burundi Kifaransa, na vijana walipokutana mbele ya runinga, Kiswahili na Kinyarwanda vilichanganywa hadi kieleweke. Wafanyabiashara wa mtaa wa kwa Mateus, kule mjini, walikuwa wanasafiri Dubai na Kampala kwa bidhaa za umeme. Ndani ya makasha hayo zikaanza kuja PlayStation, kwanza ile ya kijivu, kisha PlayStation 2 nyeusi, nzito, yenye mlango wa sidi unaotoka kwa mlio.

Mjomba alinunua mbili zilizotumika. Banda lenyewe halikuwa mbali na uwanja wa Tapis Rouge: chumba kimoja cha matofali, bati juu, runinga tatu za chogo, mabenchi mawili ya msikitini yaliyokuwa yamevunjika miguu tukayaunga, na shuka dirishani. Shuka ilikuwa na kazi mbili. Ilizuia jua lisipige kioo, na ilizuia watoto wasiolipa wasitazame bure kutoka barabarani. Kazi ya pili haikufanikiwa hata siku moja.

Runinga ya tatu haikuwa na mashine; ilikuwa ya kupumzishia nyingine zikichemka. Watu husahau kwamba runinga za chogo zilikuwa na joto. Chumba chenye vijana ishirini na runinga tatu mchana wa Agosti kilikuwa tanuri. Mjomba aliweka ndoo ya maji na kikombe kimoja cha plastiki kilichofungwa kwa uzi. Hiyo ndiyo iliyokuwa huduma yetu kwa wateja.

Umeme ndio uliotawala hesabu zetu. Mwaka 2004, mwaka ule ule San Andreas lilipotoka, Rwanda ilikuwa katika uhaba mkubwa wa umeme, na chanzo chake kilikuwa mbali kabisa na Nyamirambo. Kule kaskazini bwawa la asili la Rugezi lilikuwa limelimwa na kukaushwa kwa miaka. Maji ya Rugezi huingia Ziwa Burera, kutoka Burera hushuka kwenye mitambo ya Ntaruka, kisha Ziwa Ruhondo na mitambo ya Mukungwa. Rugezi ilipochoka na mvua ikapungua, maziwa yalishuka, mitambo ikazalisha kidogo, na serikali ikalazimika kukodi majenereta ya dizeli. Bei ya umeme ikapanda zaidi ya mara mbili katika muda mfupi. Mwaka 2005 Rugezi iliingizwa katika orodha ya Ramsar ya maeneo oevu yanayolindwa kimataifa, na wakulima wakaondolewa. Sisi tulijua habari hizo kwa njia moja tu: namba za kashpawa, ile mita ya umeme wa kulipia kabla, zilikuwa zikishuka ukutani upesi kuliko zamani, na umeme ukikatika CJ alikufa akiwa katikati ya daraja.

Hapo ndipo ulipozuka ugomvi wa kwanza wa kisheria katika banda letu. Umeme ukikatika, nani amepata hasara? Mteja aliyelipia nusu saa alisema arudishiwe dakika zake. Mjomba alisema umeme ni wa Mungu na wa serikali. Wakakubaliana kwamba dakika zilizobaki zinaandikwa kwenye daftari na zinatumika siku hiyo hiyo tu. Siku ikipita, zimepita. Nimewahi kuambiwa kwamba mabanda ya upande wa Mumena yalikuwa na sheria hiyo hiyo, na sidhani kuna aliyekwenda kuiga kwa mwenzake. Tatizo lilikuwa moja, jibu likawa moja.

Sasa nije kwenye hesabu, maana hapa ndipo gemu la mpira na San Andreas vilipoachana njia.

Gemu lililolisha banda lilikuwa Winning Eleven, ambalo Wazungu waliliita Pro Evolution Soccer. Mechi moja faranga 50, anayefungwa analipa na anampisha mwingine. Watu wawili wanacheza, kumi wanasubiri, na kila mechi ina mwisho wake. Ilikuwa biashara safi. Wakati ule watu bado walikuwa na homa ya Amavubi, timu yetu ya taifa: Julai 2003 Jimmy Gatete aliifunga Ghana hapa Kigali, bao moja kwa bila, tukaenda Kombe la Afrika kule Tunisia Januari 2004 kwa mara ya kwanza, na mpaka leo hatujarudi. Rwanda haikuwemo ndani ya gemu. Basi vijana walikwenda sehemu ya kuhariri, wakachukua timu ya Kameruni wakabadilisha majina mmoja mmoja, na Gatete akawekewa nguvu za shuti ambazo hata mwenyewe angeona haya. Timu hiyo ilikaa kwenye memori kadi ya mjomba, na siku alipoifuta mtoto mmoja kwa bahati mbaya, baba yake aliitwa.

San Andreas halikuwa na mwisho wa mechi. Halikuwa na wawili. Lililipiwa kwa muda, nusu saa faranga 100, na mjomba alilichukia kwa moyo wote, kwa sababu mtu mmoja alishika runinga huku mabenchi yakiwa yamejaa watazamaji wasiotoa kitu. Alitaka kulikataza. Lililomzuia ni ugumu wa gemu lenyewe.

Kuna kazi moja mwanzoni ambapo CJ anaendesha pikipiki kando ya treni, na rafiki yake mnene, Big Smoke, amekaa nyuma akiwapiga risasi watu walioko juu ya mabehewa. Ukishindwa, na karibu kila mtu alishindwa, gemu la asili halikukurudisha palepale. Ulirudi mtaani, ukatafuta gari, ukaendesha hadi nyumbani kwa Big Smoke, ukaanza upya maneno yote. Dakika zilikuwa zinakwenda. Kijana aliyeingia na faranga 100 ili afukuze treni alitoka na deni la 300. Kushindwa kwa mteja ndiko kulikokuwa faida ya mwenye banda, na watengenezaji wa Edinburgh, bila kujua, walikuwa wamemwandikia mjomba wangu mpango wa biashara. Katika toleo lililokarabatiwa ukishindwa unabonyeza kitufe, unaanza tena palepale. Ni jambo jema kwa anayecheza sebuleni kwake. Lingekuwepo mwaka 2005, San Andreas lisingemaliza wiki katika banda letu.

Memori kadi nayo ilikuwa mali. Ilikuwa ya megabaiti 8, nyeusi, ndogo ya kuingia mfuko wa shati, na bila hiyo safari yako ilifutwa ukiondoka. Wenye uwezo walinunua ya kwao wakawa wanatembea nayo kati ya banda na banda: unaanza hadithi Biryogo, unaiendeleza kule Kuri 40. Wasio nayo walikodi nafasi kwenye kadi ya mjomba, faranga 20 kwa wiki. Halafu palikuwa na karatasi. Mtu alikuwa amenakili kutoka kwenye intaneti ile mipangilio ya vifungo inayokupa vitu bure, akaiandika upya kwa mkono kwenye kurasa za daftari na kuziuza. Ile ya kwanza ya kila ukurasa naikumbuka kwa vidole: R1, R2, L1, X, kushoto, chini, kulia, juu, kisha kushoto, chini, kulia, juu. Unapata afya, kinga ya risasi na dola 250,000. Mjomba alikuja kuzuia karatasi hizo bandani mwake. Aliyekuwa na dola 250,000 hakuwa na haja ya kuhangaika, na mtu asiyehangaika hakai muda mrefu.

Kiingereza cha gemu hatukukijua. Shule zilikuwa bado zinafundisha kwa Kifaransa zaidi. Uamuzi wa kuhamia Kiingereza ulikuja mwaka 2008. Maandishi ya Kifaransa yalikuwepo kwenye nakala za Ulaya, lakini yalipita upesi na yalijaa matusi ambayo mwalimu hakuyafundisha. Basi tulifanya kama watu wa filamu walivyofanya. Wakati huo Kigali ilikuwa inapenda agasobanuye, filamu za nje zenye sauti ya msimulizi anayeeleza na kutania juu yake. Yanga, aliyefariki mwaka 2022, alikuwa bingwa wa kazi hiyo kwa Kinyarwanda, kama Lufufu alivyokuwa kwa Kiswahili Tanzania na kama ma-VJ walivyokuwa Kampala. Bandani kwetu alikuwepo kijana aliyekulia Uganda, na kila picha ya hadithi ilipoanza tulimwambia mwenye pedi asibonyeze kitu ili yeye asimulie.

Alisimulia vizuri na alidanganya sana. CJ kwake alikuwa mtu aliyetoka ukimbizini akakuta nyumba yake inakaliwa na wengine, na wengi bandani waliielewa hali hiyo bila maelezo. Big Smoke alimpa cheo cha Mheshimiwa, kwa vile hotuba zake zilikuwa ndefu na alikuwa anakula wakati wote. Usaliti wake ulipofika tulishangilia badala ya kusikitika. Nilipokuja kuielewa hadithi yenyewe baadaye niliona kwamba kijana yule alikuwa ameacha nusu ya watu na kuongeza wawili. Sikuona kasoro. Toleo la 2021 lina maandishi ya lugha nyingi kuliko la zamani, na Kiswahili hakimo, wala Kinyarwanda.

Adhana ikiadhiniwa, sauti za runinga zilizimwa, picha zikaendelea. Mwezi wa Ramadhani banda lilifungwa mchana kutwa, likafunguliwa baada ya tarawehe hadi karibu na daku, na hiyo ndiyo ilikuwa miezi bora ya mjomba. Jumamosi ya mwisho wa mwezi hatukufungua kabla ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya umma, kwisha saa tano. Mkuu wa mtaa alipita saa za shule kuwatoa wenye sare, nao wakajifunza kuja na fulana ndani ya begi.

Haya, na sidi zilitoka wapi? Zilinakiliwa. Hakuna haja ya kuzunguka. PlayStation 2 ilifunguliwa, ikachomelewa chipu ndogo iliyoidanganya ikubali sidi isiyo ya kiwandani, na San Andreas zima liliingia kwenye DVD moja ya kawaida ya gigabaiti 4.7. Nakala zilikuja kutoka Kampala na Dubai katika mifuko ya nailoni, hadi mifuko hiyo ilipopigwa marufuku nchini, halafu zikaja katika karatasi. Kazi ya kuchomelea chipu ndiyo iliyonifundisha kushika chuma cha moto; waya zake ni nyembamba kama unywele na mkono ukitetemeka umeua mashine ya mtu. Sheria ya Rwanda ya kulinda mali bunifu ilikuja mwaka 2009, lakini hata kabla yake kila mtu alijua kwamba tunachofanya si halali. Kampuni inasema San Andreas liliuzwa nakala milioni 27.5. Katika hizo, ya Biryogo sidhani kama imo hata moja.

Mabanda hayakufa kwa siku moja, na muuaji hakuwa mmoja. Sony iliacha kutengeneza PlayStation 2 mwaka 2013, na FIFA 14 ya mwaka ule ule ikawa ya mwisho ya mfululizo huo kwenye mashine ile. Mashine zilizofuata zilikuwa ghali na ngumu kuvunjwa. Mwaka 2014 ulikuja mtandao wa 4G, na simu za Tecno zikaweka mpira mfukoni mwa kila kijana. Halafu zikaja nyumba za kubeti, na zile mashine za kamari za sarafu ambazo Kigali nzima iliziita ikiryabarezi, mpaka serikali ikaanza kuziondoa. Faranga 100 ambayo zamani ilinunua nusu saa ya treni ikaanza kununua tumaini la kupata 10,000, na tumaini hilo liliisha kwa sekunde. Kati ya maadui wote wa banda, huyo ndiye nisiyemsamehe. Machi 2020 nchi ilipofungwa kwa sababu ya korona, mjomba alifunga mlango, na alipofungua tena aliuza mchele na mafuta ya kula. Mabanda yapo bado Nyamirambo, yenye PlayStation 4 na skrini bapa, lakini humo ni mpira mtupu.

Mpwa wangu ndiye aliyenirudisha San Andreas. Ana PlayStation 4 iliyotumika, na alinunua toleo jipya lenye magemu matatu ya zamani kwa pamoja. Lilipotoka bei yake ilikuwa dola 59.99, kama faranga 60,000 za wakati ule. Kwa bei ya bandani hiyo ni mechi 1,200 za mpira. Ili alipate kwa mtandao ilimbidi afungue akaunti inayosema anaishi Afrika Kusini, kwa sababu Rwanda, kama sehemu kubwa ya Afrika, haimo katika orodha ya nchi zinazohudumiwa na duka la PlayStation. Zamani tuliwadanganya kwa chipu, sasa tunawadanganya kwa anwani, na safari hii tunalipa.

Tulikaa kucheza mvua ya Novemba ikipiga nje, na ndani ya gemu nako ilikuwa inanyesha. Mvua ya toleo lile, kabla hawajairekebisha, ilikuwa nyuzi nyeupe zilizofunika kioo chote usione barabara. Nikasema kwamba ya zamani ilikuwa bora. Akaenda kwenye kabati langu, akaleta PlayStation 2, tukaiunganisha kwenye skrini yake bapa ambayo inaumbua kila kasoro. Alitazama kwa muda, halafu akaniuliza: "Mjomba, mlikuwa mnalipia hiki?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Kwa macho yake picha ile ni mbovu. Ila ukarabati wenyewe nao umeharibu mengine ambayo fundi hawezi kuyafumbia macho. Kazi ya kukuza picha za zamani iliachiwa programu, ikasoma vibaya maandishi ya mabango, ikaandika maneno yasiyokuwepo. Katika Los Santos kuna duka la donati ambalo alama yake ni nati kubwa ya chuma, yenye pembe zake sita. Programu iliona pembe ikazilainisha, nati ikawa mduara. Fundi yeyote wa gereji za Gatsata angekwambia kwamba nati ya mduara haishikwi na spana; mwenye kuitengeneza hajawahi kufungua gurudumu. Tarehe 19 Novemba 2021, baada ya kelele za wiki nzima, Rockstar waliomba radhi hadharani.

Kosa lililo kubwa kuliko nati ni jingine. Mwezi mmoja kabla ya toleo jipya, kampuni iliyaondoa madukani matoleo ya zamani, kwenye kompyuta na kwenye mashine, mtu akabaki bila cha kulinganisha. Baada ya malalamiko waliyarudisha ya kompyuta kwenye duka lao wenyewe. Na hata huko, toleo lililokuwa likiuzwa lilikuwa limeshapunguzwa: mwaka 2014, mikataba ya muziki ilipokwisha, nyimbo kadhaa ziliondolewa kwenye redio za magari, ukiwemo wimbo wa Rage Against the Machine. Kila safari ya marekebisho imechukua kitu. Kwa hiyo San Andreas lenyewe, kama lilivyotoka mwaka 2004, na redio zake zote, treni yake isiyosamehe na ukungu wake uliotokana na umaskini wa megabaiti 32, limebaki kwenye sidi za mwaka 2004. Sehemu kubwa ya sidi hizo, katika upande wetu wa dunia, ni nakala haramu zilizomo kwenye maboksi ya viatu. Mwizi amekuwa mtunza makumbusho, na sijui hakimu angesemaje.

Tena ni makumbusho yanayooza. DVD iliyochomwa hutegemea rangi ya kemikali, na rangi hiyo hufifia kwa joto na mwanga. Naziona kila mwezi zikiletwa dukani kwangu, zina madoa ya kahawia pembeni, hazisomeki. Lenzi za PlayStation 2 zimechoka. Wengine huisimamisha mashine wima au kuigeuza kichwa chini ili isome, na inasoma, kwa muda. Zikifa kabisa huenda kwenye kiwanda cha taka za umeme kule Bugesera, ambako husagwa na kutenganishwa shaba na plastiki. Ni kazi nzuri na nchi inaihitaji. Lakini kiwanda hakiulizi kama ndani ya memori kadi kuna timu ya Kameruni yenye jina la Gatete.

Ukiwa nayo PlayStation 2 kabatini, Kigali, Bukavu, Bujumbura au Kampala, usiitoe kabla hujachomoa memori kadi na kuitazama ina nini. Nakili sidi zako ungali unaweza. Na wewe uliyekuwa na banda, mwite kijana mwenye simu umsimulie bei, sheria za umeme ukikatika, nani alisimulia hadithi na kwa lugha gani. Arekodi sauti yako. Wanafunzi wa historia wa Chuo Kikuu cha Rwanda wanaotafuta mada waje Nyamirambo waulize kwa wenye maduka ya mchele. Mjomba wangu yupo, daftari la dakika bado analo, na alasiri huwa hana wateja.